Kunguni wa Upande Wangu

Kunguni wa kahawa ni mdudu mzuri wa sura, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Mgongo wake una rangi ya chungwa, nyeusi na nyeupe, kama kitenge cha kuvaa harusini. Ukimfinya ananuka vibaya. Bibi yangu kule Kilimanjaro, aliyenilea katikati ya migomba na kahawa, alinifundisha kumtafuta kabla sijajua kusoma. Alfajiri, baridi ikiwa bado kali, unatandika shuka jeupe chini ya mti, unautikisa, halafu unahesabu walioanguka. Akiwa mmoja, unavumilia. Wakizidi wawili, unaacha kazi zote. Saa hizo wamelegea, hawawezi kuruka, unawaokota kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni.

Naanza na hayo ili mtu asinionee huruma mapema akasema sikujua. Nilijua.

Niliolewa Karatu katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa Mwiraqw, dereva wa wageni kwenye loji moja kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alikuwa anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi akinuka vumbi na dawa ya mbu. Mimi niliachwa kwa mama yake, kwenye shamba lililo karibu na msitu, mahali ambapo ukungu haukuwa unaondoka mpaka saa nne asubuhi. Shamba lilikuwa na kahawa, tena kahawa nzuri, lakini niliona imetunzwa na watu waliozoea mahindi na ng'ombe. Nilisema hivyo wazi wazi wiki ya kwanza. Mama mkwe akacheka, akawaambia majirani, "Mchaga wetu huyu amekuja na mdomo wake." Hawakunichukia kwa hilo. Walinipa mkasi wa kupogolea na kuniambia nionyeshe.

Wanawake wa pale walikuwa na utaratibu ambao mimi sikuukuta Kilimanjaro kwetu, ambako kila mtu anajifungia kwenye kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba. Mavuno yakiisha, masika yanapoingia, walikuwa wanapogoa kahawa kwa pamoja: leo kwako, kesho kwangu, watu kumi na zaidi shambani, na mwenye shamba kazi yake ni kupika tu. Mti mmoja ambao peke yangu ungenichukua nusu saa, wao waliumaliza huku wanasengenya. Na kupogoa ndiyo dawa ya kwanza ya kunguni. Hapendi upepo wala mwanga. Mpe mti uliofungamana matawi, giza humo ndani, atajenga ukoo.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mjane, mwanamke mrefu aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Kati ya shamba lake na letu kulikuwa na mstari wa katani tu. Nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu, na nilipopata ujauzito akaanza kuniita mama kijacho kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuwa na mabinti wawili, hakuwa na mtoto wa kiume. Mumewe alipokufa, shemeji zake walitaka shamba lirudi kwa ukoo. Wazee wakakaa, wakaamua hivi: maadamu kahawa imesimama, inatunzwa na inazaa, shamba liko mikononi mwake. Kahawa ikifa, shamba ni la ukoo. Kila mtu pale kijijini alijua maneno hayo, na mimi niliyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe tukiwa tunachambua maharage. "Hii miti ndiyo mume wangu sasa," aliniambia, akacheka.

Mtoto wangu alizaliwa mwanzoni mwa masika, kwa shida kubwa, nyumbani, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Aliishi siku moja na nusu. Alikuwa wa kiume. Sina zaidi ya kusema juu yake, na si kwa sababu nimesahau.

Kwa Wairaqw, kifo cha namna hiyo kinaifunga nyumba. Wanaita metimani. Nyumba inakuwa na uchafu ambao hauonekani kwa macho lakini unaambukiza: huingii kwa mtu, mtu haingii kwako, hamshiki chombo kimoja, hamchoti maji mahali pamoja, ng'ombe wako hawachangamani na wa wengine. Unakaa hivyo mpaka wazee waseme basi. Nilikuwa nimesikia habari hizo kama hadithi za zamani. Mama mkwe alikuwa mzee wa jumuiya kanisani, rozari haimtoki shingoni. Nikamuuliza, "Mama, sisi si Wakristo?"

"Ni Wakristo," akasema. "Na wao ni Wakristo. Lakini mwanangu, watu wana watoto wadogo. Utamlazimisha nani?"

Zamu yetu ya kupogoa ilikuwa wiki ileile. Hakuja mtu. Niliwasikia wanaimba shamba la tatu kutoka letu, wameturuka kama unavyoruka dimbwi.

Jumapili ya tano sikuvumilia, nikavaa, nikaenda kanisani. Nilifika mapema, nikakaa benchi la katikati. Watu wakaja, wakakaa mbele yangu, wakakaa nyuma yangu, benchi langu likabaki na mimi. Padre hakuwa mtu wa pale, sidhani kama aliona. Alipotuambia tupeane amani, kanisa zima likashikana mikono. Nilinyoosha wangu kwa mama mmoja wa mbele. Aliutazama, machozi yakamlenga, akageuka. Nilitembea kurudi nyumbani kwa hasira ambayo sijawahi kuipata tena maishani. Mume wangu naye hakuwapo. Kule loji alikuwa ameficha msiba, kwa sababu nusu ya madereva walikuwa watu wa kwao na wangekataa kupanda gari moja naye. Angekujaje nyumbani kulia mtoto ambaye kazini hakufa? Alituma sukari.

Yule jirani yangu hakuvuka mstari wa katani hata mara moja. Lakini kila asubuhi alisimama upande wake, mbali kidogo, na kupaza sauti.

"Mdogo wangu! Umeamkaje?"

Hakuniita tena mama kijacho, na hakuwa na jina lingine la kuniita. Wahenga wamesema ndugu chungu, jirani mkungu. Mimi nilikuwa chungu kinachochemka bila mkungu wa kukifunika, na nilimchukia yeye kuliko wengine wote kwa sababu ndiye niliyemtegemea. Salamu zake niliziona kejeli. Nilijibu "nzuri" na kuingia ndani.

Mvua zilipokolea, kahawa yetu ambayo haikupogolewa ikachipua kama wazimu. Ilifungamana mpaka ukiingiza mkono huoni vidole. Mwishoni mwa masika nilitandika shuka chini ya mti mmoja, karibu na jiko, nikatikisa. Sikuhitaji kuhesabu. Walidondoka kama maharage, wakubwa kwa wadogo, na nilipogeuza majani nikaona mayai yamepangwa safu safu. Matunda machanga yalikuwa na vitundu vidogo, ukikata punje unakuta doa la kahawia ndani. Bwana shamba wa kata, alipokuja baadaye sana, alieleza vizuri: kunguni anachoma tunda kunyonya, na pale alipochoma anaacha njia ya vijidudu vya bakteria, vinaozesha punje kutoka ndani huku nje tunda linang'aa. Bibi yangu hakuwa na neno bakteria. Alisema kunguni ana mate ya kaburini.

Nilifanya kazi mwezi mzima. Mama mkwe alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo ilikuwa mimi, mkasi na kopo. Kila alfajiri nilitikisa na kuokota, mchana nilikata. Matiti yalikuwa bado yanauma. Niseme ukweli, kazi ile iliniokoa, maana nilipata kitu cha kuua.

Sasa, matawi. Tawi lililokatwa kwenye mti wenye kunguni unalichoma siku hiyohiyo. Usipolichoma, majani yakianza kukauka, wadudu wanahama kwenda kwenye mti wowote mbichi ulio karibu, wengine wakitambaa, wengine wakiruka jua likiwaka. Hilo nalo bibi alinifundisha. Mimi niliyaburuta matawi yangu yote mpaka kwenye mstari wa katani, nikayalundika pale, lundo refu lenye urefu wa shamba zima, hatua tatu kutoka kwenye kahawa ya jirani yangu iliyopogolewa vizuri na wanawake kumi wanaoimba. Nikayaacha.

Kulikuwa na manyunyu, ndiyo. Kuni mbichi hazishiki moto vizuri, ndiyo. Nilijiambia hayo nilipokuwa navuta tawi la kwanza, na kufikia la kumi sikujiambia tena chochote. Niliwaza: mnasema uchafu wangu unaambukiza, haya. Niliwaza kwa maneno hayohayo, na niliyafurahia.

Siku moja alisimama upande wake, akatazama lile lundo.

"Mdogo wangu, matawi hayo vipi?"

"Nayaacha yakauke," nikasema. "Nitayatumia kuni."

"Sawa. Wewe ndiye fundi."

Akaenda zake. Hakuwa na sababu ya kushuku. Mimi ndiye niliyewafundisha wengi wao kushika mkasi. Habari ya kunguni tulikuwa bado hatujaifikia, kwa sababu miaka yote miwili niliyokuwa pale hawakuwa wengi, na kupogoa kwao kwa pamoja kuliwazuia bila wao kujua wanazuia nini.

Wiki tatu baadaye aliniita tena. Nilikuwa nimeinama naokota, nikaficha kopo nyuma ya gauni. Bado naona aibu ya kile kitendo, kuficha kopo, kuliko mambo mengine makubwa zaidi. Alikuwa ameshika matunda kiganjani, amenyoosha mkono ili nione, ingawa kwa umbali ule nisingeona kitu.

"Zinadondoka," akasema. "Mbichi hivi zinadondoka. Nikipasua, ndani kuna madoa. Nyie Wachaga mmezaliwa kwenye kahawa, hii ni nini?"

Kulikuwa bado na muda. Kama ningemwambia siku ile atandike shuka, awaite wanawake wenzake, watikise miti yote asubuhi mbili tatu, angeokoa nusu ya mavuno, labda zaidi. Nilihitaji kupaza sauti tu, sikuhitaji kuvuka.

"Ni jua," nikasema. "Jua limekuja ghafla baada ya mvua. Itaacha yenyewe."

"Jua?"

"Jua."

"Ahsante, mdogo wangu. Mungu akutie nguvu."

Usiku ule nililala vizuri. Watu wanapenda kusema dhamiri iliwasumbua. Yangu ilisubiri miaka.

Mavuno yalianza. Yeye na mabinti zake walichuma, wakamenya, wakaosha, wakaanika. Nyingi zilielea juu ya maji zikamwagwa. Zilizobaki walizibeba kwenda ghala la kupokelea kahawa. Mabinti walisimulia baadaye kwa mama mkwe, kutoka mbali, kwamba mpokeaji alivunja punje kadhaa, akanusa, akampa mwenzake anuse. Inanuka kiazi kibichi, wakasema, hii hata kuichanganya na nyingine hatuwezi, itaharibu gunia zima la watu. Wakamrudishia. Nilimwona akipita barabarani na gunia kichwani, anarudi nalo. Gunia lenyewe wala halikuwa zito.

Msimu mmoja mbaya usingemnyang'anya mtu shamba. Lakini wadudu hawakuishia kwake. Walikwenda shamba la pili na la tatu, wakiwa wachache kidogo kila hatua, na watu wakaanza kutafuta balaa lilikotokea. Shemeji zake ndio waliopata jibu kwa haraka. Walisema kahawa ya mjane imelaaniwa, imeoza ikingali mtini, inaambukiza wengine, na dawa ya kitu cha namna hiyo ni kukitoa. Bwana shamba alikuwa bado hajafika. Wazee walikaa tena. Uamuzi ulikuwa ule wa zamani: kahawa ikifa, shamba ni la ukoo. Ila safari hii waliiua wenyewe.

Walikuja wanaume wanne na mashoka na majembe, saa mbili asubuhi. Mti wa kahawa una mzizi mkaidi, lakini ukizunguka kwa jembe na kukata pembeni, unalala. Nilisimama kwenye kibaraza nikatazama. Mwanamke yule alikaa chini mlangoni kwake, miguu ameinyoosha, kanga imemfunika kichwa, kama watu wanavyokaa kwenye msiba. Mama mkwe alikuwa anaomba rozari nyuma yangu. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ningesema nini, na nimeshachelewa, na bado nilikuwa mtu ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia? Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoshikilia. Mila ile niliyoidharau miezi yote, siku ile nilijificha ndani yake. Kufikia adhuhuri kulikuwa na uwanja mtupu, na wale wanaume walikuwa wanapima mahali pa kupanda mahindi.

Kahawa yangu, kwa taarifa yenu, ilikuwa safi. Kidogo, lakini safi.

Siku chache baadaye wazee walitufungua. Nyumba ilifagiliwa mpaka chini ya vitanda, majivu yote ya jikoni yakatupwa mbali, moto mpya ukawashwa. Mzee mmoja alitamka maneno kwa Kiiraqw, na katekista, ambaye alijifanya amepita tu, akamalizia kwa Baba Yetu. Pombe ililetwa, na chakula. Watu walisimama uani wakitazamana, kwa sababu lazima awepo mtu wa kwanza kuingia na kula kwako, na baada yake wengine wote.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa yeye. Mizigo yake ilikuwa tayari kwenye mkokoteni. Alikuwa anakwenda kijiji cha Qurus kwa kaka yake, kuishi kwenye chumba cha uani na mabinti zake. Alikuwa amechelewesha safari makusudi kwa ajili yangu. Alinishika mkono. Tangu masika, mbali na mama mkwe, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Alikula makande kutoka kwenye sahani yangu, watu wakaona, uani wakaanza kucheka na kuongea. Halafu akanivuta pembeni karibu na pipa la maji.

"Nimekuja kukuomba msamaha," akasema.

"Wa nini?" nikauliza.

"Siku ile mtoto alipoondoka, wewe ulikuwa umepoteza damu, huna fahamu. Mama yako mkwe alikuwa peke yake, hajui aanze na wewe au na mtoto. Nilivuka. Nikamwosha mtoto mimi, nikamvalisha, nikamweka kwenye sanduku. Halafu nikarudi kwangu nikanyamaza. Ilitakiwa na mimi nijifungie kama nyie. Sikujifungia. Niliwaza kahawa, niliwaza zamu yangu ya kupogolewa, niliogopa nikijifungia watu hawatakuja na miti itaharibika. Nikawapokea shambani na mikono ile ile. Ndiyo maana ikaoza, mdogo wangu. Na imeozesha na ya wengine. Nilikuwa nakuja pale mpakani kila siku nataka kukwambia, nashindwa."

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja nimlaumu. Lundo la matawi lilikuwa bado pale kwenye katani, kavu kabisa, angeweza kuliona kwa kugeuza shingo. Maneno yalikuwa manne au matano tu: si wewe, ni wadudu wangu. Yangempa nini? Shamba lisingerudi. Lakini angekwenda Qurus akijua kwamba mikono yake iliyomwosha mwanangu ilikuwa safi. Yangeniondolea mimi sahani ile, uani pale, na watu wale ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kuniita ndani.

"Nimekusamehe, dada," nikasema.

Alilia kwa furaha. Alinikumbatia, akaaga watu, akapanda mkokoteni na mabinti zake, na alipofika njia panda akageuka akanipungia mkono. Alifariki huko Qurus miaka sita baadaye. Mabinti walinitumia habari, wakasema mpaka mwisho alikuwa ananiombea kwa sababu nilimsamehe.